Mwanamume wa Tangazo

Wasomaji wamkumbuka Michael Power? Alizuka mwaka 1999 katika matangazo ya bia ya Guinness, na mwaka 2003 akafanyiwa filamu nzima, Critical Assignment: mwandishi wa habari apiganaye na kuokoa watu. (Miaka yangu yote ya kazi hii sijaruka hata mtaro.) Hakuwa mtu, alikuwa bango la bia lenye miguu.

Kwetu Pwani mwanamume ni alishaye watu wake kwa halali. Hapa Njiru nawaona machimboni, wapasua mawe kwa nyundo tangu alfajiri, jioni wabeba unga. Kamera haiwataki. Lakini siku ya malipo bango huwangoja njiani, liwauzie uanaume walioamka nao asubuhi.