Nani Amebaki na Watoto?

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa idara, mama wa watoto watatu, alichukua siku tano za likizo yake akaenda Lushoto peke yake. Hakwenda kuuguza wala kuzika. Alikwenda kulala, kusoma na kutembea milimani. Aliporudi, swali la kwanza aliloulizwa, tena na mwanamke mwenzake, lilikuwa: "Nani alibaki na watoto?" Akajibu, "Baba yao." Watu wakacheka, kana kwamba ametania.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno, na ukimya huo ndio unaonisukuma kuandika. Niliwahi kuondoka nchini kwa miaka miwili ya masomo, nikaacha nyumbani mtoto wa miaka minne na mwingine aliyekuwa bado ananyonya. Niliagwa kwa sherehe. Hakuna ndugu, jirani wala mkuu wa kazi aliyeniuliza nani amebaki na watoto. Jibu lilijulikana, na kwa kuwa lilijulikana halikuhesabiwa kuwa kazi.

Wapo watakaosema kwamba mzazi kujitenga ili apumzike ni mambo ya Kizungu. Ajabu! Mwanamume ana kijiwe, ana bao, ana kahawa ya jioni, ana mpira unaomrudisha nyumbani saa sita usiku. Huko kote anapumzika mbali na familia, ila hatujaona haja ya kukupa jina. Na pwani yetu inaijua arobaini: mzazi akikandwa kwa maji ya moto, akilishwa, kichanga kikipokezanwa na bibi na shangazi. Wazee hawakuamini kamwe kwamba mama hachoki. Leo bibi yuko Tabora, mama yuko Mbagala katika vyumba viwili vya kupanga. Mikono ile imeondoka. Matarajio yamebaki palepale.

Wala nisiyapambe ya kale kupita kiasi. Mwalimu Nyerere, aliyeisifu familia ya jadi kuliko wengi wetu, alikiri katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 kwamba wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki, shambani na nyumbani, na kwamba hali hiyo ilikuwa ingali inaendelea.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, mama siku 84 za uzazi, na baba angalau siku 3. Tazameni neno tunalotumia: likizo ya uzazi. Aliyewahi kukesha na kichanga anajua kwamba humo hamna likizo yoyote. Na zile siku 28, kwa mama wengi ninaowafahamu maofisini, humalizikia kliniki, misibani na kwenye vikao vya shule. Baba mwenye siku 3 ameshaambiwa na dola, kabla mtoto hajapewa jina, kwamba hatarajiwi kubaki.

Hapa nawageukia wanaharakati wenzangu, maana nasi hatuna mikono safi. Tunapodai mapumziko ya mama, tunamaanisha mama yupi? Katika nyumba nyingi za wenye mishahara, mama na baba hupata nafasi ya kuvuta pumzi kwa sababu yupo dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi walau saa 24 za mapumziko kila wiki. Ni wangapi kati yetu tunaompa? Wengine kati ya hao dada nao ni mama, na watoto wao wako kijijini. Kuhusu yeye, swali la nani amebaki na watoto halijawahi kuulizwa chumbani kwetu, hata kwa mzaha.

Kwa hiyo sidai hoteli wala semina. Nadai baba abaki, na tukome kusema kwamba "anasaidia". Mume wa mwenzangu alibaki, watoto wakala, wakaoga, wakaenda shule. Kwa siku tano alimpigia mkewe simu mara moja tu, kuuliza sare za shule zinawekwa wapi. Ameishi katika nyumba hiyo miaka tisa.