Uchambuzi: Saida ya Uingereza na siri iliyofichwa na lebo

Anayetafuta saida nzuri, yaani pombe ya matufaha, katika maduka makuu ya Uingereza hukuta chupa nyingi zenye picha za miti na mapipa ya mbao. Asichokiona ni kiasi cha tunda lenyewe. Kanuni za ushuru za nchi hiyo zinataka juisi isiyopungua asilimia 35 tu, tena inaweza kuwa juisi iliyokolezwa kisha ikazimuliwa. Kwa kuwa vinywaji vyenye kilevi kinachozidi asilimia 1.2 havilazimiki kuorodhesha viambato, aliyekamua matufaha matupu na aliyeongeza maji na sukari hadi ukomo wa sheria huuza kwa jina lile lile.

Ng'ambo ya Mfereji, Wafaransa walichagua njia nyingine. Jina la Pays d'Auge, huko Normandy, limelindwa kisheria tangu mwaka 1996: matufaha sharti yatoke eneo hilo, na juisi iliyokolezwa hairuhusiwi. Mwaka 2002 ulinzi kama huo ulikipata kinywaji cha mapeasi cha Domfront. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila chupa ya Ufaransa ina hadhi hiyo. Zile za bei ya chini hazina.

Tofauti hii si ya ladha pekee. Matufaha ya saida ya Herefordshire na Somerset ni makali na yenye ukakasi. Hayaliwi mezani, na kiwanda kisipoyanunua mkulima hana soko jingine la maana. Mapema mwaka 2024 ilibainika kuwa kampuni ya Heineken, mmiliki wa chapa ya Bulmers, iling'oa miti katika shamba kubwa la Penrhos, Monmouthshire, iliyopandwa mwaka 1997 kwa ajili ya chapa hiyo hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba matunda yamezidi mahitaji. Ni vigumu kuisikia sababu hiyo bila kuikumbuka ile asilimia 35.

Waliobaki na juisi kamili wengi wao ni watengenezaji wadogo, waliolelewa na msamaha wa ushuru ulioanzishwa mwaka 1976 kwa wasiozidi lita 7,000 kwa mwaka. Saida yao hutambulika kwa yale wanayoyaandika kwa hiari: juisi asilimia 100, mwaka wa mavuno, na aina ya tufaha, kama Kingston Black au Dabinett. Lebo isiyotaja lolote kati ya hayo ni ya kutiliwa shaka, hata ikiwa na pipa zuri namna gani. Bei yake ni ya juu, na mara nyingi hununuliwa shambani kwa mtengenezaji mwenyewe. Serikali mjini London bado haijalazimisha kiasi cha juisi kiandikwe kwenye chupa.