Nani Anawahesabu Wanaotoweka Chuoni?

Jamani, leo niweke kando habari za simu mpya na programu mpya. Nataka tuzungumzie kazi ambayo vijana wengi waliosomea kompyuta hawajawahi kuisikia, ilhali nchi hii inaihitaji kuliko programu nyingine ya kuagiza chips kwa simu.

Anza na namba hii: 246,391. Hao ndio watahiniwa wa KCSE ya 2024 waliopata C+ na kuendelea, alama ya kuingilia chuo kikuu. Matokeo yalitangazwa Januari 2025, na namba hiyo tukapewa hadi tarakimu ya mwisho. Sasa nikuulize, ndugu msomaji: umewahi kumwona waziri akisimama mbele ya kamera kutangaza, kwa mbwembwe zile zile, ni wangapi kati ya walioingia chuo mwaka fulani waliomaliza, wangapi wamekwama, na wangapi walitoweka njiani?

Huku kwetu Raila, kijiji cha Kibera kinachobeba jina la marehemu Raila Odinga, kijana akiitwa chuo kikuu si habari ya nyumba moja. Majirani wanachanga, kanisa linachanga, mama anauza alichonacho. Mwaka wa pili unamkuta steji ya bodaboda. Ukimwuliza, anakwambia, "Nimepumzika kidogo." Kawangware ni hivyo hivyo. Mtaani sote tunajua kwa nini ameondoka. Je, chuo kinajua?

Kazi ya kujua hilo ina jina: utafiti wa kitaasisi. Maana yake ni chuo kujichunguza chenyewe kwa takwimu zake. Mtafiti wa aina hii anachukua kundi lote lililoingia mwaka mmoja, kisha analifuata mwaka hadi mwaka. Somo lipi linaangusha wengi? Mkopo wa HELB ukichelewa, nani huanza kukosa madarasa? Akishapata jibu, anampelekea naibu chansela, hata kama jibu lenyewe ni chungu.

Haya, tuingie jikoni. Nimewahi kufanya kazi kwenye programu ya usajili ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Hifadhidata yake ilikuwa na jedwali la wanafunzi, na ndani yake safu moja iliyoitwa "hali". Mwanafunzi akijisajili, safu inasema "hai". Asiporudi, karani anafuta neno hilo na kuandika "si hai". Basi. Tarehe haibaki, sababu haibaki. Aliyefariki, aliyehamia chuo kingine na aliyekosa karo, wote ni neno moja. Ukiiuliza hifadhidata hiyo mambo yalikuwaje miaka 3 iliyopita, haiwezi kukujibu, kwa sababu inaijua leo tu.

Dawa yake si ngumu. Usifute kitu. Kila badiliko liwe mstari mpya kwenye jedwali la historia, wenye tarehe na sababu. Ni kazi ya siku chache kwa mwanaprogramu yeyote wa kawaida. Kilichokosekana pale si ujuzi wa kompyuta. Alikosekana mtu ambaye kazi yake ni kuuliza swali.

Sisi wa Kibera tunajua namba isiyo na mwenyewe inavyofanya. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba tuko milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070, na mabishano yakazuka: Kibera inaanzia wapi, inaishia wapi, nani alihesabiwa? Mwaka huo huo wa 2009, Map Kibera ilianza, na vijana wa vijiji vya hapa wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiweka njia, shule na vyoo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Hawakuongeza wala kupunguza watu. Walihakikisha tu kwamba anayezungumza juu ya Kibera ana kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Vyuo navyo vinahitaji hivyo. Tazama Afrika Kusini. Mwaka 2007, Ian Scott, Nan Yeld na Jane Hendry walitoa ripoti iliyofuatilia wanafunzi walioanza chuo kikuu mwaka 2000. Baada ya miaka 5, asilimia 30 tu walikuwa wamehitimu. Asilimia 56 walikuwa wameondoka bila shahada. Waliobaki walikuwa bado wanasoma. Namba hizo ziliuma, lakini zilibadilisha mazungumzo. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Njabulo Ndebele likapendekeza shahada ya miaka 3 iwe ya 4, ili wanaotoka shule dhaifu wapate muda wa kujenga msingi. Watu walilibishia sana pendekezo hilo. Lakini walibishana juu ya jambo linaloonekana.

Sasa, mtafiti mmoja ofisini peke yake ni rahisi kunyamazishwa. Bosi akimwambia, "Namba hii usiitoe," atakimbilia wapi? Ndiyo maana wenzetu wana vyama vya taaluma. Wamarekani waliunda AIR miaka ya 1960. Kusini mwa Afrika kuna SAAIR, iliyoanzishwa 1994. Vyama hivi hufundisha wageni wa kazi, hukubaliana maana ya maneno kama "kuacha masomo" ili chuo kimoja kiweze kulinganishwa na kingine, na humpa karani wa takwimu mgongo wa kuegemea. Uongozi wake hauna sifa nyingi. Ni kama kuwa mweka hazina wa chama cha kina mama: hakuna anayekupigia makofi, ila siku daftari likipotea ndipo wote wanajua ulikuwa nani.

Najua mtasema nini. Kwanza, "Pesa ziko Westlands, kwenye kampuni za programu." Kweli, wala simlaumu anayezifuata. Pili, "Mnataka kutupeleleza." Hoja hii ni nzito zaidi. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kwa uwezo wa familia zao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, kabla ya suala kwenda Mahakama ya Rufaa. Watu wana haki ya kuogopa kupangwa. Lakini takwimu zilizotumika kukupanga unapoingia ndizo zitumike pia kuuliza: je, waliopangwa kundi la maskini zaidi walimaliza? Ripoti ya namna hiyo haihitaji jina la mtu hata mmoja, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya kumbana atakayeyaanika majina.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wewe uliye kwenye chumba cha seva cha chuo chochote, Nairobi, Maseno au Dodoma, anza leo kuhifadhi historia badala ya kuifuta. Kisha watafute wenzako wa vyuo vingine. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala tangu 1980, kwa hiyo mahali pa kukutania hapakosekani. Mkikutana, ajenda ya kwanza iwe kukubaliana jinsi ya kumwandika yule kijana wa steji anayesema amepumzika kidogo.

Au nyie mnaonaje?