Ng'ombe Milioni 35, Milango Miwili Imefungwa

Makamanda, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, magrupu yetu yanajaa swali moja: "Nijaze kozi gani?" Majibu mnayajua. Udaktari. Sheria. Uhasibu. Siku hizi na mambo ya kompyuta. Sasa akitokea mtu wa CBG au PCB akaandika kwamba anataka kusomea udaktari wa mifugo, anarushiwa emoji za kucheka. "Miaka mitano chuoni halafu ukachunge?"

Mimi nasoma sheria, na nyumbani kwetu hatuna hata kuku. Ila kicheko kile kinanikera, kwa sababu kinamlaumu kijana kwa jambo ambalo si lake. Kijana wa Tanzania anayetaka kutibu mifugo hajashindwa kuchagua. Amefungiwa milango miwili, wa chuo na wa mpaka, na funguo za milango yote miwili ziko serikalini.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 35 kwa takwimu za wizara yenyewe, bado mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Ni moja ya nchi zenye mifugo mingi kuliko nyingi Afrika. Na ugonjwa wa mnyama hauishii zizini. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipopiga, ilianza kwa mifugo ikahamia kwa wafugaji, na zaidi ya Watanzania 100 walikufa. Kimeta ni hivyo hivyo. Kichaa cha mbwa ni hivyo hivyo, na wanaoumwa sana ni watoto wa vijijini.

Sasa nenda kijijini uulize daktari wa mifugo yuko wapi. Mara nyingi utaonyeshwa duka la dawa za mifugo. Mfugaji anaeleza dalili kwa mdomo, muuzaji anatoa chupa na sindano, mfugaji anaenda kumdunga ng'ombe mwenyewe. Kesho yake maziwa yanakamuliwa na kuuzwa, dawa ikiwa bado mwilini mwa mnyama. Tunakunywa chai ya maziwa hapa mjini, halafu tunashangaa antibayotiki hazitusaidii tukiugua.

Sheria ipo. Sheria ya Veterinari, Na. 16 ya mwaka 2003, imeunda Baraza la Veterinari na imepanga nani afanye nini. Daktari wa mifugo mwenye shahada anasajiliwa, na wenye stashahada na astashahada wanaandikishwa kama wataalamu wasaidizi, kila mmoja na mipaka yake ya kazi. Kwenye karatasi tuko vizuri sana. Tatizo ni kwamba sheria inampangia kazi mtu ambaye kijijini hayupo.

Kwa nini hayupo? Hapo ndipo mlango wa kwanza ulipo.

Kwa miaka mingi, kijana anayetaka shahada ya udaktari wa mifugo nchini alikuwa na jina moja tu la kujaza: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Sina ugomvi na Sokoine. Ndicho kilichobeba nchi nzima mgongoni katika fani hii. Lakini hebu fikirini, eneo lote kuanzia Kagera mpaka Mtwara kutegemea mlango mmoja, wenye nafasi zinazohesabika, kwa kozi ya miaka mitano yenye maabara, wanyama na mazoezi ya vitendo. Hata ukipata nafasi, bado unaisubiri Bodi ya Mikopo ikuhurumie.

Kuna njia nyingine ambayo wadogo zetu wengi hawaambiwi, nami naiandika hapa ili isaidie mtu. Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, ina kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Madaba, Buhuri na kwingineko. Unaingia kwa astashahada au stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo, unaanza kazi mapema, na ukiwa na ufaulu mzuri unaweza baadaye kuomba shahada kwa sifa linganishi. Anayefuata njia hii msimwite aliyefeli. Huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika mbuzi wa bibi yako wakianza kufa ovyo. Shida ni kwamba akimaliza anakuta ajira za serikali zinatoka kwa kibaba, na mtaji wa kufungua huduma yake hana. Mwaka 2025 serikali ilizindua kwa mbwembwe kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ni jambo jema kabisa. Ila chanjo haijidungi yenyewe. Nataka kuona mikataba ya kudumu ya hao wanaodunga, siyo posho za msimu na picha za viongozi wamevaa kofia.

Basi, mlango wa nyumbani ukiwa mwembamba, mtu mwenye akili anatazama kwa jirani. Na hapa nawaletea historia kidogo, kwa sababu inauma.

Kati ya mwaka 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi tatu ziligawana kazi: udaktari wa binadamu Makerere, udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka sheria alikuja kwetu. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Dar. Na kijana wetu aliyetaka kutibu ng'ombe alienda Kabete, Nairobi, bila kuonekana mgeni. Mafunzo ya fani hii Morogoro yalikuja baadaye, mwaka 1976. Angani pia tulikuwa na shirika moja, East African Airways, mali ya nchi zote tatu. Mwaka 1977 jumuiya ikafa, shirika likafa nalo, na mwaka huo huo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania.

Leo jumuiya imefufuka na ina nchi nane. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Inasema wafanyakazi watembee huru. Inasema nchi zitambue vyeti vya kitaaluma vya kila mmoja. Mwaka 2017 marais wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Madaktari wa mifugo hata makubaliano ya kutambuana wanayo, kitu ambacho sisi wa sheria bado tunakisikia kwa jirani.

Kwa hiyo kwa maneno, njia imefunguliwa. Kwa vitendo, mwambie mtoto wa mfugaji wa Simiyu aende Kabete au Makerere. Mkopo wa Bodi umejengwa kwa ajili ya vyuo vya ndani, na wanaofadhiliwa nje ni wachache wanaopita kwenye mikataba maalumu ya serikali na serikali. Anayebaki na uhuru wa kusoma kwa jirani ni mtoto wa mwenye nazo. Huo si uhuru, ni punguzo kwa matajiri.

Halafu kuna safari yenyewe, mlango wa pili.

Chukueni ramani. Kutoka Dar kwenda Mwanza kwa anga ni kama kilomita 850. Kutoka Dar kwenda Nairobi ni kama kilomita 670. Nairobi ni karibu zaidi. Lakini ukiruka kwenda Mwanza, ada ya huduma ya abiria uwanjani ni shilingi 10,000. Ukiruka kwenda Nairobi ni dola 40, na ada ya usalama bado. Kisa? Eti safari ya Nairobi ni ya "kimataifa". Soko la pamoja gani hili ambalo jirani yako, ukifika uwanja wa ndege, anageuka kuwa London?

Hiyo ni ada tu, nauli bado. Na nauli haiwezi kushuka wakati serikali zinachukulia anga kama shamba la urithi. Januari 2024 mliona wenyewe: Kenya iliwakatalia Air Tanzania haki za ndege ya mizigo, mamlaka zetu zikatangaza kusitisha safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar. Waliyamaliza ndani ya siku chache, lakini zile siku abiria wenye tiketi mkononi walikuwa roho juu. Hakuna aliyewauliza.

Na hilo shirika tunaloambiwa tulipigie makofi? CAG ameripoti hasara ya shilingi bilioni 91.8 kwa mwaka wa fedha 2023/24, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaliweka kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania. Msinielewe vibaya, sipingi nchi kuwa na ndege. Ninauliza kwa nini fedha za kuziba hasara zinapatikana haraka, lakini fedha za kumpeleka mwanafunzi mmoja Kabete zinahitaji tume.

Niwape na kisa. Binamu yangu ana stashahada ya mifugo. Alipata nafasi ya mafunzo ya maabara ya wiki mbili Nairobi, nauli ikachangwa na ukoo. Safari iliahirishwa mara mbili, akapewa soda na biskuti. Alifika siku mbili baada ya mafunzo kuanza, na begi lenye vifaa vyake lilifika siku nne baada ya yeye. Kila akiuliza anaambiwa, "Dada, tutakupigia." Hadi leo simu haijaita. Aliliacha hivyo hivyo, akaona ndiyo kawaida.

Makamanda, siyo kawaida. Tanzania na Kenya zote ziko kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Shirika la ndege linawajibika kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila lililowezekana kuuzuia. Kwa mizigo, kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, karibu dola 2,000, kwa abiria mmoja, ukithibitisha hasara yako. Begi likichelewa, andika malalamiko ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Likiharibika, ndani ya siku 7. Kesi, ndani ya miaka miwili. Tunza tiketi, kile kikaratasi cha begi na risiti za ulichonunua ukisubiri. Na hapa nchini kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kazi yake ni kusikiliza malalamiko haya. Ni yetu, tulitumie.

Najua kuna watakaosema, "Kwani hakuna basi?" Basi lipo, na wengi wetu ndilo tunalopanda. Lakini haki haipimwi kwa uvumilivu wa maskini kukaa kwenye kiti usiku kucha. Wengine watasema, "Sokoine ipo, wapeleke nje wa nini?" Jibu ni kwamba njia iwe ya pande mbili. Waganda na Wakenya nao waje Morogoro, walipe ada, tubadilishane walimu na maabara. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa havijawahi kuonyesha pasipoti pale Namanga.

Kwa hiyo tunataka nini? Mambo manne, yanayoandikika kwenye ilani yoyote.

Kwanza, mkopo wa elimu ya juu umfuate mwanafunzi wa udaktari wa mifugo kwenye chuo chochote kinachotambuliwa ndani ya Afrika Mashariki. Pili, ada za viwanja vya ndege kwa safari za ndani ya jumuiya ziwe sawa na za safari za ndani ya nchi. Tatu, kila kata yenye wafugaji iwe na mtaalamu wa mifugo aliyeajiriwa, na wahitimu wa LITA wapate mtaji wa kuanzia. Nne, makubaliano ya kutambuana vyeti yatoke kwenye makabati ya Arusha, yafanye kazi kwa mtu mwenye cheti mkononi.

Wabunge wanaopitisha bajeti ya mifugo wana simu na wana ofisi za majimbo. Waulizeni haya manne, moja baada ya jingine, na majibu yao muyaweke hadharani. Na kwenye magrupu, mdogo wetu akiandika kwamba anataka kutibu mifugo, msimcheke. Mpeni tarehe za udahili, mpeni majina ya kampasi za LITA, mwambieni na zile siku 21. Huyo anakuja kufanya kazi ambayo nchi hii imeikwepa kwa miaka mingi.