Makala inatajwa maelfu ya mara, ujumbe wa mhami haufiki

Chuo kikuu kikitaka kujua kama mtafiti wa rezo za kompyuta ni mkubwa, hakiulizi ujumbe wa nani umefika. Kinahesabu ameandika makala ngapi, na wenzake wamezitaja mara ngapi. Mwaka wa 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alitunga kipimo kinachoitwa h: mwenye 30 ni yule ambaye makala zake 30 zimetajwa kila moja mara 30 ao zaidi. Kwa kipimo hicho watu wanapandishwa vyeo na kupewa pesa za utafiti. Mhami aliye kambini hana nafasi ndani ya hesabu hiyo.

Mfano upo. Mwezi wa Agosti 2003, huko Karlsruhe, Ujerumani, Mmarekani Kevin Fall alitoa makala juu ya rezo zinazovumilia kuchelewa. Intaneti ya kawaida inadai njia iwe wazi toka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Njia ikikatika, ujumbe haupiti. Fall alisema: kila mashine iuweke ujumbe, iubebe, iungoje mashine nyingine, kisha iupitishe.

Waliokimbia Masisi ao Rutshuru wanalijua jambo hilo bila kulisoma. Antene ikizimika, habari ya mtoto aliyepotea inapewa mtu wa moto, naye anangoja barabara ifunguke. Inachelewa, lakini inafika.

Makala ile imetajwa maelfu ya mara. Mwaka wa 2004 Fall na wenzake wawili waliandika nyingine, na ndani yake kulikuwa kijiji cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kinacholetewa ujumbe na pikipiki. Lakini pikipiki hiyo ilitembea ndani ya mahesabu ya kompyuta. Kijiji cha Afrika kikawa mfano, mfano ukatajwa, na kila aliyeutaja akaongeza makala moja kwenye orodha yake.

Mwaka wa 2016 NASA iliweka namna hiyo ya kutuma ujumbe kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti karibu siku 20. Makala ilikuwa na miaka 15. Wanaanga walikuwa na chombo hicho. Simu za raia wa Goma hazikuuzwa nacho ndani.

Kuna watakaosema kwamba mtafiti si fundi wa antene, na kwamba bila kutajwa wazo zuri linakufa kabatini. Ni kweli, na kosa si la Fall. Kosa ni la wanaohesabu. Wanaofuata njia yake wanajua kwamba makala ya kumi juu ya pikipiki ya kompyuta inaleta cheo, na kwamba mwaka mzima wa kutengeneza mashine katika mtaa wenye matope hauleti kitu. Tena haiwezi kusemwa kwamba kazi hiyo haiwezekani: miaka ile ile, katika jimbo la Ratanakiri, Kamboja, pikipiki za kweli zilibeba barua-pepe za shule kwa mradi wa DakNet.

Basi maprofesa wanaogawa vyeo, hata wale wa Kongo, waongeze swali moja tu: wazo hili limejaribiwa wapi, na ujumbe wa nani umefika? Na mwanafunzi wa informatika wa Goma ao Bukavu anayeandika kazi yake ya mwisho asingoje Ulaya imtaje. Simu mbili, moto moja na barabara iliyofungwa vinatosha kwa kuanza majaribio. Mama anayemtafuta mtoto wake ndiye atakayesema kama kazi hiyo ina maana.