Paka Asiye na Manyoya na Dhima ya Mwenye Nyumba



Juma hili ninajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Meru. Anaeleza kwamba mwanawe, kijana wa miaka 19, alichukua akiba ya karo yake akanunua Nairobi paka wawili wasio na manyoya, dume na jike, wa tumbo moja. Nia yake ni kuwazalisha nyumbani na kuwauza watoto wao Meru na Embu, na tayari watu wawili wamekwisha kumpa arubuni. Jike ana miezi saba. Baridi ya Julai imeingia, nao paka wanatetemeka na kusogelea jiko usiku kucha.

Dada yetu anauliza mambo matatu. Je, biashara hii ni halali? Je, ni kweli kwamba paka hawa hawatamdhuru binti yake mdogo mwenye pumu? Na je, yeye ana dhima gani, hali kijana hushinda mjini naye ndiye abakiye na wanyama hawa mchana kutwa?

Dada yangu, nitaanza na paka mwenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo.

Paka huyu huitwa Sphynx. Wengi hudhani ametoka Misri kwa sababu ya jina lake, lakini asili yake ni mji wa Toronto, Kanada, ambako mwaka 1966 paka wa kawaida alizaa mtoto asiye na manyoya. Hakutengenezwa na mtu. Ni hitilafu ya maumbile iliyotokea yenyewe. Binadamu ndiye aliyeichukua hitilafu hiyo akaizalisha kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi. Basi asitokee wa kumdhihaki paka huyu wala wa kumkimbia akidhani ana ukoma au ni shetani. Ni kiumbe wa Mungu kama paka wengine, na hukumu zake ni zao.

Katika hukumu hizo, ya kwanza ni twahara. Kina mama wanaijua kisa cha Abu Qatada, Sahaba wa Mtume (S.A.W.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akamweleza mkaza mwanawe aliyestaajabu kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mkaza mwana huyo, Kabsha binti Kaab, ndiye aliyetufikishia hadithi hiyo. Elimu hii imetoka kwa mwanamke aliyekuwa nyumbani, akaona jambo, akauliza.

Baadhi ya watu humpenda paka asiye na manyoya kwa sababu ya swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, unyoya uliomdondoka mnyama asiyeliwa akiwa hai una hukumu ya najisi, ingawa kidogo husamehewa, hasa kwa aishiye na paka. Hivyo husema, huyu hatatuchafulia mkeka wa kuswalia. Ni kweli, lakini ngozi yake hutoa mafuta ambayo kwa paka mwingine hufyonzwa na manyoya. Mafuta hayo si najisi, ila huacha madoa ya hudhurungi kwenye shuka na mito. Kwa hiyo paka huyu huogeshwa, aghalabu mara moja kwa juma, kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, akakaushwa papo hapo, na masikio yake kupanguswa. Aliyemnunua akidhani amepunguza kazi ya usafi ameiongeza.

Sasa nijibu swali la pumu, kwa kuwa linagusa uhai wa mtoto. Muuzaji aliyesema kwamba paka huyu hana madhara kwa mwenye pumu amekosea. Kinachowasumbua wengi si unyoya wenyewe. Ni protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka, na paka asiye na manyoya ana mate na ngozi kama wenziwe. Wako watu wanaopata nafuu kidogo kwake, na wako wasioona tofauti yoyote. Dada yangu, paka hawa wasilale chumba kimoja na binti yako, na umpeleke kwa daktari wake ukamweleze kuwa sasa mna paka wawili ndani. Akishauri waondoke, waondoke. Kumkinga mtoto na dhara kunatangulia matakwa ya kaka yake.

Ama biashara. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir, kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea thamani ya mbwa na paka. Wako wanazuoni walioshika udhahiri wa hadithi hii wakaharimisha kabisa kuuza paka. Jamhuri ya wanazuoni, na madhehebu yetu yamo, wamejuzisha kumuuza paka wa nyumbani mwenye manufaa. Imam Nawawi ameeleza kwamba makatazo hayo yanahusu paka asiye na manufaa, au ni makatazo ya kutakasa tu, ili watu wazoee kupeana na kuazimana paka kwa ukarimu. Basi siwezi kumwambia kijana kwamba kila shilingi ya biashara hii ni haramu. Namwambia kwamba kutoa ni bora kuliko kuuza, na kwamba akiuza kuna mipaka.

Mpaka wa kwanza: asiuze kilicho tumboni. Sheria imekataza kuuza mimba ya mnyama, kwa kuwa hakuna ajuaye kitakachozaliwa, kwa idadi wala kwa uzima. Arubuni alizopokea kwa paka ambao hata hawajatungwa mimba azirudishe leo kabla ya kesho.

Mpaka wa pili: asifiche aibu. Mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha alichonunua. Nasaba ya Sphynx ina maradhi ya moyo ambayo misuli yake hunenepa polepole, na paka huweza kufa ghafula akiwa bado kijana. Mzalishaji mwadilifu huwapima wazazi wote wawili kwa ultrasaundi ya moyo kabla ya kuwakutanisha, na hurudia kipimo hicho, kwa kuwa paka mzima wa leo huenda akaonekana mgonjwa mwakani. Dada yangu, je, mwanao amepima? Kama hakupima, hajui anachouza.

Mpaka wa tatu: asimtenge mtoto na mama yake. Wanazuoni wetu wamekataza kumtenga mnyama mchanga na mama kabla hajaweza kujitosheleza bila maziwa. Kwa paka, wataalamu hushauri watoto wakae na mama yao hadi wiki 12, kwani hufundishwa naye hata adabu ya kucha na meno.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la mpango wa kijana wako. Paka hawa ni ndugu wa tumbo moja. Wanyama hawana mahari wala maharimu, lakini damu iliyokaribiana huyakutanisha maradhi yaliyojificha pande mbili, yakajitokeza kwa watoto. Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu. Mwaka 1978, karibu na Watamu, mama mmoja aitwaye Jeni Slater aliokota watoto wa paka wenye madoa kama gome la mti, paka ambao Wagiriama humwita kadzonzo. Ulimwengu sasa unawajua kwa jina la Sokoke. Miaka ya 1980 wachache walipelekwa Denmark wakazalishwa, lakini kwa kuwa walikuwa wachache mno, damu yao ilibanana, na baadaye ikabidi watafutwe paka wengine kutoka huku huku kwetu ili kuiongezea nguvu. Ikiwa wafugaji wale walihitaji damu mpya, kijana mwenye ndugu wawili ndani ya chumba kimoja atasema nini?

Tena asidhani atakwepa kwa kumchukua jike wa mtaani. Dume wa Sphynx akikutanishwa na paka wa kawaida, kwa desturi watoto huzaliwa na manyoya, kwa kuwa upara huu huhitaji kurithiwa kwa baba na kwa mama. Hofu yangu ni kwamba watoto wa namna hiyo, wakikosa mnunuzi, wataishia ndani ya gunia pembeni mwa soko la Gakoromone. Nasi tunaikumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka mmoja tu aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachilie akajitafutie.

Jambo jingine ni mahali. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru ni juu zaidi, yote kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwili wa Sphynx hupoteza joto upesi, ndiyo maana hula zaidi ya paka wa kimo chake. Mezi Juni, Julai na Agosti anahitaji fulana ya kitambaa laini, kikapu chenye blanketi kilichoinuliwa juu ya sakafu, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Jiko la makaa si suluhisho. Hana unyoya wa kumwonya kabla ngozi haijaungua, na jiko ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua watu na wanyama. Liondoe usiku huu, hata kama paka hawakukusumbua. Na jua litokapo asianikwe nje, kwani jua la nyanda za juu humuunguza.

Sasa dhima yako. Aliyenunua ndiye mmiliki, na nafaka yao iko shingoni mwake. Wanazuoni wamesema mmiliki asiyemlisha mnyama wake hulazimishwa amlishe au amtoe kwenye milki yake. Sheria ya Kenya nayo, katika Sura ya 360, inaadhibu ukatili kwa wanyama. Lakini mnyama aliye mbele ya macho yako, mwenye njaa au baridi, hatasubiri kijana arudi mjini. Mlishe, umfunike, na jioni umwambie mwanao maneno haya waziwazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hivi ndivyo ninavyomshauri kijana. Kwanza, awatenganishe dume na jike leo, kila mmoja chumba chake. Jike wa miezi saba aweza kushika mimba, na mimba ya paka ni kama miezi miwili tu. Ataletewa uzazi akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Pili, awapeleke kwa daktari wa mifugo, wachunguzwe moyo na wachanjwe kichaa cha mbwa, kwani paka pia huambukizwa na huambukiza. Tatu, aachane na mpango wa kuzalisha. Uholanzi imefika hadi kukataza, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kufuga paka wapya wasio na manyoya, ila wale waliokuwapo na kutiwa chipu kabla ya hapo, kwa kuona kwamba kumzalisha mnyama mwenye upungufu huu ni kumdhuru. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini tunayo kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Nne, amtafutie dume nyumba nyingine. Akitaka kurejesha sehemu ya karo yake, amuuze kwa mtu aliyeelezwa yote: kuoga, baridi, jua, moyo, na undugu wake na yule jike. Akimpata mlezi mwema asiye na fedha, ampe bure, nayo itakuwa sadaka yake. Asitoe paka kwa mtu ambaye hajaiona nyumba yake, na amwahidi kumpokea tena ikiwa mambo yatamshinda. Ama kuwafunga uzazi, wanazuoni wametofautiana. Katika vitabu vyetu vya Shafi kuna uzito juu ya kumhasi mnyama asiyeliwa, na wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu panapokuwa na haja na bila kumtesa. Amwendee sheikh wa msikiti wenu, pamoja na maelezo ya daktari, kabla ya kuamua.

Na kwenu wasomaji mnaotamani paka huyu baada ya kumwona katika simu: ikiwa yupo ambaye tayari amezaliwa na mwenyewe ameshindwa, mchukueni mumlee, mkijua mmebeba kazi ambayo manyoya yangeifanya. Msimwagize mpya azaliwe kwa ajili yenu. Anayetaka paka tu, wa mitaani wanangoja kila soko, nao wamekuja na koti lao la baridi wakiwa wamevikwa na Muumba.

Dada yangu, karo iliyopotea itarudi kwa kazi nyingine, inshaallah. Mwambie mwanao kwamba kuacha biashara mapema kwa kuogopa dhulma si hasara.

Mwenyezi Mungu amponye binti yako, amwongoze mwanao, na atujaalie kuwa wenye kuwahurumia walio ardhini ili nasi tuhurumiwe. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.