Picha Itangulie Kisu

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya sakoma za tishu laini, yaani saratani zinazoota kwenye misuli, mafuta, mishipa na nyuzi zinazoshikilia mwili. Ni nadra: kwa watu wazima ni takriban saratani 1 katika kila 100. Aina zake zimepita 50, na daktari wa wilayani anaweza kustaafu akiwa amekutana nazo mara chache tu. Wapo wanaouliza kwa nini tutoe kurasa zote kwa ugonjwa wa wachache. Tumezitoa kwa sababu ugeni wake ndio unaoua.

Uvimbe mwingi wa chini ya ngozi ni mafuta tu, hauna madhara. Mazoea hayo humfanya hata mgonjwa wa sakoma apigwe ganzi, apasuliwe asubuhi na mchana awe nyumbani. Miezi michache baadaye uvimbe unaota upya palepale kwenye kovu. Kufikia hapo kisu kimeshaziacha chembe za saratani kwenye nyama iliyokuwa salama, na upasuaji wa pili hulazimika kukata eneo kubwa zaidi, pengine hata mguu.

Chukua uvimbe nyuma ya goti la kijana. Wengi wetu huandika upesi "kifuko cha Baker". Lakini kifuko cha Baker kina shingo inayopenya kati ya misuli miwili ya upande wa ndani hadi kwenye goti. Usipoiona shingo hiyo kwenye ultrasaundi, jina hilo liache. Washa Dopla: rangi zikionekana ndani ya uvimbe, hapo pana nyama inayopitiwa na damu, na maji hayapitiwi na damu. Sakoma ya sinovia huwapata zaidi vijana, mara nyingi karibu na goti, na hata kwenye MRI inaweza kung'aa kama maji mpaka mgonjwa adungwe kontrasti.

MRI ziko chache na ziko mbali, tunalijua hilo. Ultrasaundi ipo karibu zaidi. Kwa hiyo uvimbe uliozidi sentimita 5, au uliojificha chini ya utando wa misuli, au unaoendelea kukua, usiguswe na kisu kabla ya picha. Kinyama cha kupimwa maabara nacho kichukuliwe kwa sindano baada ya MRI, kwa njia aliyoikubali daktari atakayefanya upasuaji, maana njia hiyo huondolewa pamoja na uvimbe.

Lawama zisiishie kwa madaktari wa upasuaji. Majibu ya mstari mmoja kutoka vyumba vyetu vya picha yamechangia. Tunakuomba, ndugu msomaji, kila unapopima uvimbe taja ukubwa wake, kina chake na mtiririko wa damu ndani yake. Ukiwa na shaka, andika waziwazi: asipasuliwe kabla ya MRI.